Puli ya krenki ya mbadala kwa Toyota IST: kuifunga nyumbani Mwanza kwa mizani ya samaki

Puli ninayoiandikia ni ile ya mbadala inayouzwa kwa injini ya 1NZ-FE, yaani injini ya sentimita za ujazo 1,496 iliyomo katika Toyota IST, Probox na Raum nyingi zinazotembea barabara za Mwanza. Niliinunua katika duka la spea mjini, ikiwa ndani ya boksi jeupe lisilo na jina la kiwanda, kwa bei isiyofika nusu ya ile ya puli halisi. Nimeifunga mwenyewe nyumbani Buzuruga na kuitumia msimu mzima wa mvua, na naona inastahili fedha yake, kwa sharti kwamba mnunuzi aikague kabla ya kuondoka dukani na aifunge kwa kuivuta na bolti, si kwa kuigonga nyundo.

Wengi huichukulia kama gurudumu la kuzungushia feni belti tu. Kumbe ni vipande viwili vya chuma vilivyounganishwa na ukanda wa mpira: kitovu kinachokaa kwenye ncha ya krenki (shafti ya injini inayozungushwa na pistoni), na pete nzito ya nje yenye mifereji ya mkanda. Kila silinda inapochoma, krenki hujisokota kidogo kisha hujirudi, na puli hii ndiyo inayoutuliza mtetemo huo usije ukaichosha krenki. Mpira ukizeeka, hasa ukiwa umelowa mafuta yanayovuja kwenye sili ya mbele (pete ya mpira inayozuia mafuta yasitoke), hupasuka na pete ya nje huanza kuteleza juu ya kitovu. Mkanda hulia, puli huyumba, na alama ya taiming iliyochongwa kwenye pete, inayoonyesha krenki imefika wapi katika mzunguko wake, humdanganya fundi. Katika injini hii mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji, kwa hiyo pete ikiachia kabisa, betri kukosa chaji ni tatizo dogo, injini itachemka.

Dukani niliomba niweke puli ya zamani na mpya kaunta moja, na muuzaji alinivumilia. Kipenyo, idadi ya mifereji, nafasi ya kii (kipande kidogo cha chuma kinachoifungia puli na krenki zizunguke pamoja) na alama ya taiming vyote vililingana. Shingo ya kitovu, pale ambapo mdomo wa sili ya mafuta husugua, ilikuwa laini kabisa, na hili nalisifu kwa dhati, kwa sababu shingo yenye mikwaruzo huila sili mpya na kurudisha uvujaji uleule uliouharibu mpira wa kwanza. Dosari zilikuwa mbili. Rangi ilikuwa imeingia ndani ya tundu la kitovu, na ukingo wa mfereji wa kii ulikuwa na ncha kali za chuma. Msasa laini uliondoa vyote viwili, lakini kiwanda ndicho kilichopaswa kuifanya kazi hiyo. Mtu asiyejua angekuta puli inakataa kuingia, akachukua nyundo, na hapo ndipo uharibifu huanzia: pigo moja la nguvu linaweza kuubandua mpira, kuupinda mfereji wa kii au kuziumiza washa zinazozuia krenki isisogee mbele na nyuma.

Kazi hii huogopwa kwa sababu ya vifaa viwili ambavyo nyumba nyingi hazina: kifaa cha kuishikilia puli isizunguke, na spana ya toki, yaani inayopima nguvu ya kukaza. Kwa gari la gia za mkono, unaweza kuingiza gia ya juu na mtu mwingine akakanyaga breki, lakini IST yangu ni otomatiki na njia hiyo haifai. Fundi wa kuchomelea wa Nyakato alinikatia chuma bapa kinene, akakitoboa matundu yanayolingana na yale yaliyopo usoni pa puli, na akaacha nafasi pana katikati kwa ajili ya soketi. Chuma hicho, kikifungwa kwa bolti mbili na ncha yake kuegemezwa kwenye gogo, hushikilia puli bila kuugusa mpira. Kuiwasha starta ili ilegeze bolti, kama baadhi ya watu wanavyofanya, sikushauri mtu yeyote, kwa maana mpini wa spana ukichomoka huvunja mkono.

Nilipaka grisi kidogo kwenye mdomo wa sili, nikalinganisha kii na mfereji wake, nikaisukuma puli kwa viganja hadi bolti ikashika nyuzi za kutosha, kisha nikaikaza polepole. Kitabu cha kiwanda kinataka bolti hiyo ikazwe kwa nyutoni mita 128. Nguvu hiyo ni sawa na kilo 13 zinazovuta ncha ya mpini wenye urefu wa mita moja kutoka katikati ya bolti, au kilo 26 kwa nusu mita. Mizani ya springi ya kuning'iniza, ile ambayo wachuuzi wa sato na sangara huitumia Mwaloni Kirumba, hupima uzito huo vizuri sana. Mpini uwe wima ili uzito wake usiingie katika hesabu, ndoano ivute kwa ulalo ikiwa imefanya pembe mraba na mpini, na mshale urudishwe kwenye sifuri mizani ikiwa imelazwa vilevile itakavyovutia. Kama umeongeza kiungo kirefu cha soketi, kiegemeze kwenye stendi kisije kikapinda. Usahihi wake haufikii ule wa spana nzuri ya toki, lakini unaupita mbali mkono wa kukisia.

Tangu hapo mkanda haulii, puli haiyumbi injini ikinguruma taratibu gari likiwa limesimama, na sehemu ya sili ni kavu. Nilichora mstari mweupe wa rangi kutoka kwenye kitovu, juu ya mpira, hadi kwenye pete. Siku mstari huo utakapokatika sehemu mbili, nitajua mpira umeachia. Mpaka sasa umenyooka.

Wenye Land Cruiser na injini nyingine kubwa za dizeli wasiifuate njia hii kama ilivyo, kwa sababu bolti zake hukazwa kwa nguvu inayozidi hii zaidi ya mara mbili, na chuma bapa na mizani yangu havitoshi. Zipo pia injini ambazo puli yake huingia kwa kubana sana. Hizo huvutwa kwa studi ndefu (bolti isiyo na kichwa) yenye nati na washa nene, iliyoingizwa ndani kabisa ya krenki, kwa kuwa bolti ya kawaida ikishika nyuzi chache tu itazing'oa.