Etymonline: kamusi iliyonifunulia neno "passion"

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi. Kwenye hadithi ya zamani ya Kiingereza niliyokuwa nikiitafsiri, bwana mmoja anatoka chumbani "in a passion" na kuubamiza mlango. Kamusi ya lugha mbili niliyoitegemea wakati huo ilinipa visawe viwili tu: shauku na mapenzi makali. Nikaandika kwamba bwana yule alitoka kwa mapenzi makali akaubamiza mlango. Mhariri alinirudishia ukurasa ukiwa na alama moja ya kuuliza pembeni, na mpaka leo naiona alama ile.

Ndipo nilipoanza kutumia Online Etymology Dictionary, ambayo wengi huiita Etymonline. Ni kamusi ya mtandaoni ya etimolojia, yaani asili ya maneno ya Kiingereza, iliyokusanywa na Mmarekani Douglas Harper. Haina mambo mengi: unaandika neno kwenye kisanduku, kidahizo, yaani neno hilo pamoja na maelezo yake, kinafunguka, na unaisoma bure. Kwa mtafsiri naipa alama za juu kabisa, na sababu yangu ni ukurasa huo mmoja wa "passion".

Neno liliingia Kiingereza mnamo mwaka 1200 kupitia Kifaransa cha kale, na halikuja na mapenzi wala hamasa. Lilikuja na msalaba. Maana yake ya kwanza ni mateso ya Kristo. Nyuma yake kuna "passio" ya Kilatini, na nyuma ya hiyo kitenzi "pati": kuteseka, kustahimili, kupatwa na jambo. Maana ya hisia kali ilikuja baadaye, mwishoni mwa karne ya 14, kwa kuwa waandishi wa Kilatini walikuwa wameitumia "passio" kutafsiri "pathos" ya Kigiriki, neno lililobeba mateso na hisia kwa pamoja. Mapenzi ya kimwili yanaonekana kwenye maandishi ya miaka ya 1580. Ile ya kupenda sana jambo fulani, kama mtu anavyosema ana "passion" ya muziki, ni ya miaka ya 1630. Maana niliyoidhani ndiyo mama kumbe ni kitinda mimba!

Ukibofya viungo unakutana na ndugu zake. "Patient" ni huyohuyo, anayeumwa na anayevumilia. "Compassion" ni kuteseka pamoja na mwenzako. "Passive" ni mtendwa. Hata ua la pasheni lilipewa jina hilo na wamisionari wa Kihispania huko Amerika, waliotazama nyuzi zake zilizozunguka duara wakaona taji la miiba, na vile vishina vitatu vya katikati wakaona misumari. Nimelitamka jina hilo tangu utotoni bila kujua kwamba natamka mateso.

Hapo niliiweka kalamu chini nikakisikiliza Kiswahili changu. Sisi tunasemaje? Hasira humshika mtu. Huzuni humpata. Shauku humjaa, hofu humwingia, jazba humpanda. Mara nyingi hisia ndiyo mtenda, na mtu ndiye anayetendwa. Hata jazba asili yake ni Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kuvuta: mtu amevutwa, hakwenda mwenyewe. Kile ambacho Kiingereza kimekifukia chini ya miaka 800, sarufi yetu inakisema waziwazi kila siku. Siku hiyo niliacha kutafuta nomino moja ya kulibeba "passion" kila mahali, nikaanza kutafuta kitenzi. Sentensi yangu ikawa: "Bwana alitoka ameshikwa na hasira, akaubamiza mlango."

Upungufu upo. Kidahizo kinakupa mwaka au karne ambayo maana fulani ilianza kuonekana kwenye maandishi, lakini kwa kawaida hakikuonyeshi sentensi yenyewe. Ukitaka kuona jinsi waandishi wa kila zama walivyolitumia neno, itabidi uende kwenye Oxford English Dictionary, ambayo ni bahari nyingine. Na ile miaka usiishike kama tarehe ya kuzaliwa: neno huweza kusemwa vinywani muda mrefu kabla mtu hajaliandika. Vilevile maelezo yamebanwa sana, na kwa mwanafunzi anayeanza Kiingereza yatakuwa mazito. Mwalimu amsomee kwanza.

Kisawe cha haraka hutakipata humo, na mimi sikuombi uitupe kamusi yako ya lugha mbili. Bado ninayo mezani. Ila kwa maneno ya moyoni, kama hasira, shauku, ari na uchu, sasa nafungua zote mbili kabla sijaandika neno.

Na ukifika kwenye ukurasa wa "passion", usiishie mistari ya juu. Hasira ya bwana yule niliikuta chini zaidi, imeorodheshwa pamoja na huzuni, matumaini na furaha.