Aplikesheni ya kurekodi miamala: ipi ulipie, ipi uiache

Ukifungua ukurasa wa aplikesheni yoyote ya kutunza hesabu za fedha binafsi, cha kwanza kuonyeshwa ni michoro: duara la rangi, kipande cha chakula, kipande cha nauli. Inavutia. Lakini duara hilo linategemea miamala uliyoingiza, na ukiingiza vibaya linakudanganya kwa rangi nzuri. Ndiyo maana hapa nimepanga kwa kuangalia muamala unaingiaje, nikimfikiria mtu wa Tanzania mwenye laini mbili, akaunti moja ya benki, kikoba, na noti chache mfukoni.

Kabla ya kuuliza bei, ipime kwa muamala mmoja. Umetoa shilingi 50,000 kwa wakala; tuseme makato ni 2,000. Kilichotumika hapo ni 2,000 tu. Ile 50,000 bado ni yako, imehama kutoka kwenye simu kuja mfukoni. Ukiiandika yote kama matumizi, halafu jioni ukaandika 12,000 ya gengeni, hiyo 12,000 umeihesabu mara mbili, na mwisho wa mwezi utajiona mbadhirifu kuliko ulivyo. Aplikesheni isiyo na sehemu ya kuhamisha pesa kati ya akaunti zako mwenyewe, iache hapo hapo hata kama ni ya bure. Kikoba nacho ni hivyo hivyo: kifungulie akaunti yake, mchango wa kila wiki uwe uhamisho, na siku ya kuvunja pesa irudi kwa njia ile ile. Shemeji aliyekukopa afunguliwe yake pia. (Hiyo ya shemeji ndiyo itakayokupa mshangao.)

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza naipa Money Manager ya Realbyte. Unafungua akaunti moja moja, M-Pesa, Airtel Money, benki, taslimu, na kila unapoandika unachagua kati ya mapato, matumizi na uhamisho. Inafanya kazi bila bando, jambo ambalo ni kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu muamala huandikwa vizuri pale pale dirishani kwa wakala au umesimama kwenye daladala. Malipo yanayojirudia kama kodi unayapanga mara moja. Toleo la bure lina matangazo, na kwa wengi linatosha; lipia pale matangazo yatakapoanza kukuchelewesha. Udhaifu wake ni kwamba kumbukumbu zinakaa kwenye simu. Simu ikiporwa na hukuweka nakala mahali pengine, mwaka mzima umekwenda nayo. Weka nakala kila mwisho wa wiki.

Ya pili haiuzwi: jedwali la Google Sheets likilishwa na fomu ya Google Forms. Fomu iwe na maswali manne, yaani kiasi, imetoka wapi, imekwenda wapi, na ya nini. Tarehe na saa vinajiandika vyenyewe. Maswali mawili ya katikati yanamaliza tatizo la uhamisho, maana ukijibu "M-Pesa" na "taslimu" hakuna anayeweza kusema umetumia. Weka njia ya mkato ya fomu kwenye uso wa simu. Inataka bando, na inataka mtu asiyeogopa kanuni za kujumlisha. Ningeiweka ya kwanza kama kila mtu angekuwa na subira ya kuitengeneza.

Wanandoa wanaotunza bajeti moja waangalie Goodbudget, ninayoiweka ya tatu. Pesa inagawanywa kwenye bahasha kabla haijatumika, na bahasha hizo mnaziona wote wawili, kila mmoja kwenye simu yake. Mama akinunua gesi asubuhi, baba anaona bahasha ya jiko imepungua. Toleo la bure lina kikomo cha bahasha na cha akaunti, kwa hiyo mwenye laini nyingi atabanwa mapema.

Zinazosoma meseji za miamala zenyewe nimeziweka ya nne, ingawa najua ndizo zinazotamanisha zaidi. Hapa tahadhari. Aplikesheni inayoomba ruhusa ya kusoma meseji inaona zote, pamoja na namba za siri za mara moja zinazotumwa na benki. Google iliibana ruhusa hiyo kwenye Play Store kuanzia 2019, kwa hiyo ukiambiwa uipakue aplikesheni kutoka kwenye kiungo cha WhatsApp, nje ya udhibiti huo, usiipakue. Wenye iPhone wasisumbuke, Apple haiwaruhusu watengenezaji kusoma meseji zako kwa namna hiyo. Na hata inaposoma sawasawa, meseji inasema umemtumia fulani 30,000. Haisemi kama ni ada ya mtoto au deni la vitenge. Hayo utayaandika wewe. Ya noti za mfukoni haiyajui kabisa. Ukikopa ili kukamilisha malipo ya M-Pesa kwa huduma kama Songesha ya Vodacom, inaweza kuhesabu malipo na marejesho yote kama matumizi.

YNAB, aplikesheni ya bajeti ya kulipia, inasifiwa sana mtandaoni na ni nzuri kweli, lakini kwa aliyeko Dar naiweka ya mwisho. Dola 109 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya thamani yake ni kuungana na benki za Marekani, Canada, Uingereza na Ulaya. Huku utaandika kwa mkono kama kwenye ile ya bure. Ndugu zetu walioko huko, jaribuni siku 34 za bure kisha muamue.

Chochote utakachochagua, tafuta siku ya kwanza mahali pa kutolea kumbukumbu zako kama faili la jedwali, yaani CSV au Excel, na ulifungue uone limekamilika. Machi 2024 kampuni ya Intuit iliifunga aplikesheni yake ya bajeti, Mint, iliyokuwa na mamilioni ya watumiaji Marekani, na aliyetaka historia yake ilibidi aitoe kabla mlango haujafungwa. Isiyo na sehemu hiyo, usiilipie hata mwezi mmoja.