Mashine ya presha ya nyumbani: inamfaa bibi, haimfai mjukuu

Mashine hii ya kielektroniki ya kupima presha, yenye mkanda unaofungwa juu kidogo ya kiwiko, niliinunua kwa shilingi 75,000 katika duka la dawa hapa Kigoma, kwa sababu mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, anaishi Ujiji na safari za kliniki zilikuwa zinamchosha. Baada ya miezi minne nairidhia kwa matumizi ya mtu mzima: tulipoilinganisha na mashine ya kliniki tofauti ilikuwa ndogo, na tarakimu zake ni kubwa kiasi kwamba mama huzisoma bila miwani.

Kasoro yake imo katika karatasi ya maelezo, inayosema kwamba mapigo ya kawaida ya moyo ni 60 hadi 100 kwa dakika, bila kutaja kwamba hayo ni ya mtu mzima aliyetulia. Mdogo wangu alimfunga mkanda huo binti yake wa miaka mitatu, akaona 118, akapanda naye bodaboda usiku kwenda kituo cha afya. Muuguzi alimpokea kwa upole, akamweleza kwamba mapigo hayo ni ya kawaida kwa umri huo, na kwamba kwa mtoto mchanga hata 100 hadi 160 si ajabu, kwa kuwa moyo mdogo husukuma damu kidogo kwa kila pigo na hulazimika kupiga mara nyingi zaidi. Hofu ile yote ingeepukwa kwa mstari mmoja wa maandishi.

Presha aliyosomewa mtoto nayo haikuwa na maana, kwa sababu mkanda umetengenezwa kwa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Ukiwa mpana mno kwa mkono husoma namba za chini kuliko hali halisi, na ukiwa mdogo mno, kama kwa mtu mnene, huzipandisha. Kwa mama tunaangalia 140 kwa 90: vipimo vikifika hapo au kuzidi kwa siku tofauti tunamwona daktari, hata kama majirani husema ni uzee tu.

Jambo ambalo mashine haipimi kabisa ni upumuaji, na kwa watoto ndilo ninaloliona la kwanza. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi kwa dakika nzima: 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 kabla ya kutimiza mwaka, na 40 kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, apelekwe kituoni bila kusubiri. Mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20.

Kwa mama ningeinunua tena. Mwenye watoto wadogo aanze na kipimajoto na saa yenye mshale wa sekunde.