Teksi ya saa kumi na moja kutoka Busia, ambayo simu ya dereva inakaa kwenye kopo

Nimepanda gari hili mara tisa sasa, kwa hiyo siandiki habari za kuambiwa. Ni HiAce nyeupe ya watu 14, inatoka Busia upande wetu wa Uganda saa kumi na moja alfajiri na kuingia Kampala kwenye saa nne hivi, foleni ya Mukono ikikuhurumia. Ng'ambo ya mpaka wangeiita matatu, sisi ni teksi. Nauli shilingi 30,000 za Uganda, mzigo mnaelewana. Mimi nauza viatu vya mitumba na soko la Owino, kule Kampala, naenda mwenyewe, maana ukimtuma mtu anakurudishia gunia la viatu vya mguu wa kushoto.

Gari lenyewe silisifii. Kiti cha nyuma pembeni springi imeanza kuchungulia, dirisha la tatu halifungi mpaka juu, na vumbi la alfajiri linakujua jina. Redio ni ya taarabu kuukuu mpaka Bugiri, halafu ni mahubiri. Kilichonitoa nyumbani niandike ni lile kopo.

Kabla hawajawasha injini, Haji, dereva, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe kidogo, anatoa simu zake mbili mfukoni, ile kubwa na ile ya tochi, anamkabidhi konda. Konda anazitia kwenye kopo la bati la biskuti, lile la mviringo ambalo kwa kawaida nyumbani huwa na sindano na uzi, anaweka kopo miguuni pake na tunaondoka. Simu hazizimwi. Ikilia, konda anapokea: "Haji yuko barabarani. Niambie mimi, au ngoja Jinja." Tukifika Jinja tunaingia kituo cha mafuta dakika kumi, watu wanakwenda haja, Haji anasimama karibu na matairi anapiga simu zake zote, anacheka, anagombana na fundi, anamaliza. Simu zinarudi kwenye kopo mpaka Kampala.

Abiria wa mara ya kwanza hucheka. Mimi sikucheka, na sababu yake ni Mabira, ule msitu wa baada ya Jinja.

Mwaka jana nilikuwa kwenye teksi nyingine, sitasema ya nani. Tulikuwa msituni, tumeshapita Njeru, lami ina unyevu wa usiku. Dereva alipigiwa simu. Akaibana kati ya bega na sikio, kichwa kimelala upande kama mtu mwenye jipu shingoni. Ilipofika kubadilisha gea, mkono wa kushoto ukaenda kwenye gea, wa kulia ukaenda kuizuia simu isianguke, na usukani ukabaki unashikwa na kigasha. Nilikuwa kiti cha mbele, niliuona usukani huo. Mazungumzo yenyewe tuliyasikia wote: mwenye gari anauliza hesabu ya jana mbona imepungua 20,000. Dereva anajieleza, anaapa, na hapo hapo ameanza kulipita lori la miwa tukipanda kilima. Mbele ikatokea basi. Alitupa simu, akarudi nyuma ya lori kwa breki ambayo ilinipeleka kifua kwenye dashibodi, na mama aliyekuwa nyuma yangu na trei mbili za mayai hakubaki na yai la kuhesabu. Simu ilikuwa sakafuni, kando ya pedali, bado inaongea: "Haloo? Haloo? Unanisikia?"

Hakuna aliyekufa. Ndiyo maana hamkuisikia popote.

Sasa mtasema sheria ipo. Ipo. Hapa Uganda dereva haruhusiwi kushika simu mkononi gari likitembea, na ukikamatwa unaandikiwa faini. Ila nimekaa kiti cha mbele miaka ya kutosha kujua inavyofanya kazi. Dereva akimwona trafiki mbele, simu haiachwi, inashushwa mapajani. Mwanzo alikuwa anaongea huku anaangalia barabara. Sasa anasoma ujumbe huku anaangalia suruali yake. Magari ya abiria yanatakiwa yasizidi kilomita 80 kwa saa. Nilimpa mwanangu wa sekondari apige hesabu: ni mita 22 kila sekunde. Kusoma "tuma pesa kwa namba hii" ni sekunde tatu, mita 66. Kutoka kibanda changu mpaka stegi ya boda si mbali hivyo, na njiani pale hupita watoto, mbuzi na mikokoteni ya wavushaji. Hebu itembee njia hiyo umefumba macho.

Wengine wanasema dawa ni spika za masikioni, au kile kishikizo cha kubandika kwenye kioo. Kishikizo nilimnunulia kaka yangu, 15,000, anaendesha kipikapu cha kubeba mchele. Jua la Busia lililegeza ule mpira wa kunyonya wiki ya pili, kikaanguka kikaingia chini ya breki. Bidhaa hiyo naipa sifuri, mkitaka kujua. Hata kisingeanguka, Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yuko kwenye hatari ya ajali mara nne hivi ya asiyetumia, na kwamba kuongea bila kuishika hakupunguzi sana, kwa kuwa akili ndiyo imeondoka. Hilo sikuhitaji Geneva waniambie. Yule wa Mabira hata angekuwa na mikono minne, alikuwa Kampala kwenye hesabu za bosi.

Kwa hiyo mimi niko upande wa kupiga marufuku yote, ya mkononi na ya masikioni, kwa dereva aliyebeba watu. Mkiniuliza biashara itaendaje, jibu ni kopo. Tukipata pancha, simu ipo. Abiria wa Iganga akitaka kuwekewa nafasi, konda anapokea. Nauli za simu zinaingia, konda anathibitisha.

Lakini niwape na aibu yangu. Safari ya nne nilikaa karibu na konda. Tumepita Naluwerere, malori yamejipanga kando kama kawaida, kopo likaanza kutetemeka. Konda akafungua, akatazama, akanitazama. Kwenye kioo cha simu kumeandikwa MAMA VIATU KELELE.

Ilikuwa ni laini yangu ya pili, niliyomwachia binti yangu dukani. Alikuwa anauliza kama nimefika. Lakini jina si la binti. Jina ni la kwangu, nililipata kabla sijaanza kusafiri nao, enzi nikituma tu mzigo. Konda, kwa adabu kabisa, akanionyesha simu zangu za siku moja ya zamani ambazo hazikupokelewa: saa mbili kasoro, saa mbili na dakika tano, na kumi, na ishirini. "Mama, wewe ulikuwa unauliza magunia yamefika wapi. Haji alikuwa Mabira." Nikanyamaza mpaka Idudi.

Yule mwenye gari aliyepiga kuuliza 20,000 nimemlaani mwaka mzima. Kumbe na mimi nina namba ya dereva, na mimi ninapiga nikijua kabisa yuko barabarani, na asipopokea ninakasirika na kupiga tena. Sijui trafiki gani atanikamata mimi nikiwa nimekaa kwenye kigoda Busia.

Turudi kwenye huduma, maana kuna mapungufu. Konda mmoja hawezi kupokea simu, kukusanya nauli na kuangalia mizigo kwa pamoja. Machi gunia langu moja lilishushwa Lugazi na kufika Kampala jioni na gari jingine. Hawakunilipa kitu, waliomba radhi tu na kunipunguzia nauli 5,000. Pia kopo lina mipaka: siku Haji alipokuwa mgonjwa, kijana aliyemshikia nafasi alitoa simu moja, ya pili nikaisikia inatetemeka mfukoni mwake. Tulipiga kelele gari zima, hasa wamama, mpaka akaitoa pale Magamaga. Kwa hiyo msitegemee kopo peke yake, tegemeeni na midomo yenu.

Mkienda, fikeni saa kumi na nusu, kaeni safu ya pili upande wa mlango, beba shuka na pesa ndogo ndogo. Kiti cha kukunja kataeni. Mkituma mzigo, chukueni namba ya konda, ya Haji msiombe, hawatoi tena.

Alhamisi iliyopita nilimwuliza konda kama ile KELELE imeshafutwa, maana ni miezi miwili sijapiga. Akafungua kopo, akabonyeza bonyeza, akalifunga.

"Bado, Mama. Tunakuangalia mpaka Krismasi."