Picha za barabara ya Tōkaidō: ipi ununue kwanza

Mtu akitafuta picha za Tōkaidō, kwa kawaida anataka zile za msanii wa Japani Utagawa Hiroshige, zilizochapwa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa na zilizoanza kutolewa miaka ya 1833–34 na mchapishaji Hōeidō. Ni picha 55: vituo 53 vya njia ya Edo (Tokyo ya leo) hadi Kyoto, pamoja na mwanzo na mwisho wa safari. Tatizo ni kwamba sokoni vitu vinne tofauti huuzwa kwa jina hilohilo.

Nafasi ya kwanza naipa nakala iliyochongwa upya na kuchapwa kwa mkono, kama zinazotolewa na taasisi ya Adachi ya Tokyo. Uhai wa picha za Hiroshige uko kwenye rangi inayofifia polepole angani na majini, na hiyo hutokana na mchapaji kuipanguza rangi kwenye kibao upya kwa kila karatasi. Nyingi za zamani zimepauka kwa mwanga. Nakala mpya inakupa buluu iliyokolea, jinsi mnunuzi wa Edo alivyoiona. Igeuze: rangi iwe imepenya hadi nyuma ya karatasi, na alama za kisuguo cha mkono (kifaa cha kusugulia karatasi juu ya kibao) zionekane.

Ya pili ni picha halisi ya zamani, lakini ya kituo kisichovuma au ya mfululizo wa baadaye, kwa mfano ule wa wima wa 1855. Bei huwa nafuu mno kuliko ya zile maarufu, na mkono ni uleule wa Hiroshige.

Ya tatu ni picha halisi ya mfululizo wa kwanza, ule wa Hōeidō. Ni nzuri ajabu, ila mitego ni mingi. Chukua Shōno, ile ya mvua ya ghafla inayowakuta wapita njia mlimani: chapa za mapema zina maandishi ya mchapishaji kwenye mwavuli, za baadaye hazina. Hata hivyo, nakala za kuchongwa upya nazo huiga maandishi hayo, kwa hiyo mwavuli pekee si ushahidi. Uliza kama kingo zimekatwa, kama karatasi imegundishwa kwenye nyingine, kama ina mkunjo katikati. Muuzaji asiyetaka kukutumia picha ya upande wa nyuma, achana naye.

Bango la mashine ndilo la mwisho. Kwa kioo cha kukuzia utaona vitone vidogovidogo. Usililipie pesa nyingi. Jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, linatoa bure picha za Hiroshige kwenye tovuti yake: pakua, upeleke kwa mchapaji wa mtaani kwako.