Seti ya chumba cha maktaba, kipimo cha 1:24: mbao safi, kitambaa kibaya

Nilipofungua boksi, kabla sijagusa ubao wowote nilitoa kifuko cha vitambaa. Nimekaa nyuma ya cherehani miaka 31, na mkono wangu hukimbilia kitambaa wenyewe. Ndani mlikuwa na vipande vinne: cha pazia, cha zulia, cha kiti na cha mito. Kile cha pazia nilikisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, nikajua papo hapo seti hii itanisumbua wapi.

Nieleze kwanza ni kitu gani. Ni chumba kimoja cha nyumba ya wanasesere, maktaba ya mtu anayependa kusoma. Kina kuta mbili, sakafu, dirisha moja, rafu tatu za ukutani na ngazi yake, meza, kiti kikubwa chenye mikono, taa mbili, na vitabu zaidi ya mia moja vya kukunja mwenyewe. Kipimo ni 1:24, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 24. Mlango wa mita mbili unakuwa na sentimita 8 na kidogo. Wengi wa tunaojenga nyumba hizi huanza na 1:12, na mimi nilianzia huko nilipostaafu. Kwenye 1:12 tone la gundi lililozidi hujificha. Kwenye 1:24 linaonekana kama ndoo imemwagika sakafuni.

Mbao nitazisifu bila kusita. Ni plaiwudi ya milimita 2 iliyokatwa kwa leza, na kila kipande kina namba yake. Meno yanaingia kwenye matundu bila kulazimishwa wala kuchezacheza. Niliunganisha rafu zote tatu bila gundi kwanza, kujaribu tu, zikasimama. Leza huacha kingo zimeungua na kuwa za kahawia. Usipozipiga msasa, weusi ule utapenya kwenye rangi nyeupe. Nilitumia msasa namba 400, kidogo kidogo, na brashi kavu ya kufutia vumbi. Jambo la pili ambalo kijitabu hakisemi: ubao mwembamba ukiupaka rangi upande mmoja tu unajikunja. Paka pande zote mbili, hata ule utakaofichwa ukutani.

Ila chukua milimita 2 uzidishe mara 24. Unapata milimita 48. Meza ya kusomea yenye ubao wa karibu sentimita tano! Hiyo ni benchi la seremala. Nilipoiweka meza katikati ya chumba niliona kuna kitu hakijakaa sawa, na ilinichukua jioni nzima kutambua kuwa ni unene. Dawa yake ni kuparaza ukingo kwa chini, kwa mshazari, mpaka jicho linaloangalia kwa mbele lione ukingo mwembamba tu. Rafu nazo nilizifanya hivyohivyo. Saa tatu za msasa, na chumba kikabadilika kabisa.

Hapo ndipo nilipoelewa seti hii imefaulu wapi na imeshindwa wapi. Aliyeibuni anajua kupunguza urefu na upana. Unene amekubali ubaki ulivyo. Kwenye mbao unaweza kumsaidia kwa msasa, lakini kitambaa hakipigwi msasa.

Kitambaa unaweza kukikata kikawa kidogo, lakini huwezi kukipunguza. Uzi wake unabaki na unene uleule na ukakamavu uleule. Pazia la dirisha la kweli linaning'inia vizuri kwa sababu lina uzito unaolivuta chini. Kipande cha sentimita 7 hakina uzito wa kutosha, kwa hiyo kinatanuka na kusimama mbali na ukuta kama sketi iliyotiwa wanga. Hiki cha kwenye boksi kilikuwa mchanganyiko wa pamba na poliesta, kigumu, chenye maua ya upana wa milimita 8. Zidisha tena mara 24: ua moja lina sentimita 19. Hayo ni maua ya ukubwa wa sahani kwenye pazia la maktaba. Halafu kijitabu kinakuelekeza ukunje upindo mara mbili. Kitambaa cha milimita 0.3 kikiwa tabaka tatu kinakaribia milimita moja, na kwa kipimo cha chumba huo ni upindo wenye unene wa zaidi ya sentimita mbili. Sijawahi kushona upindo wa namna hiyo kwenye nguo ya mtu yeyote.

Nilikiweka kando, nikatafuta skafu ya zamani ya hariri nyembamba. Sikukunja upindo. Nilipaka gundi nyeupe iliyozimuliwa kwenye mstari wa kukatia, nikaiacha ikauke, ndipo nikakata kwa wembe mpya. Ukingo ukabaki safi bila nyuzi kuchomoza. Kisha nikachukua kipande cha povu gumu, nikakifunga nailoni, nikalilaza pazia juu yake na kulikunja marinda kwa pini moja baada ya nyingine, pini ndefu za kichwa cha kioo ambazo zimekuwa nami tangu siku za kazi. Siri ni kuyabana marinda ya chini zaidi kuliko ya juu, kwa sababu uzito wa pazia la kweli ndivyo unavyofanya. Nikalilowesha kwa brashi, gundi sehemu moja kwa maji sehemu tano, nikaliacha usiku kucha. Asubuhi nilichomoa pini, nikalisugua taratibu kwa vidole ili ukakamavu upungue, nikalitundika. Lilianguka wima kando ya dirisha kana kwamba lina kilo mbili. Nilikaa nikalitazama muda mrefu.

Mahameli ya kiti nayo haikufaa. Manyoya yake yana milimita moja na nusu, ambayo kwa kipimo hiki ni karibu sentimita nne, na kiti kilionekana kimeota nyasi. Sikuitupa. Niliihamishia sakafuni ikawa zulia, na hapo imependeza, kwa kuwa zulia zito linaweza kuwa na manyoya marefu kiasi hicho. Kiti nimekivika leso kuukuu ya pamba iliyofuliwa mpaka ikalainika. Mshono wa pembezoni nimeuigiza kwa uzi mmoja tu wa kutarizi, uliovutwa kwenye gundi na kulazwa kwa kibano.

Mwanamke mmoja wa Marekani, Frances Glessner Lee, katika miaka ya 1940 alijenga vyumba vidogo vya 1:12 vinavyoonyesha mahali palipotokea vifo, ili polisi wajifunze kuchunguza kwa macho. Soksi za wanasesere wake alizifuma mwenyewe kwa kutumia pini za kawaida badala ya sindano za kufumia. Namfikiria kila ninaposhika pini hizi. Uzi hakuweza kuupunguza, basi yeye alipunguza sindano.

Vitabu sasa. Seti inakupa karatasi zilizochapwa majalada, unayakata na kuyakunja kuzunguka vipande vya mbao. Kitabu cha sentimita 24 kinakuwa na sentimita moja, na uchapaji ni mzuri kwa kweli, rangi haikupasuka kwenye mkunjo nilipokwaruza mstari kwanza kwa ncha ya sindano isiyo kali. Rafu zikijaa zinavutia sana. Nilipomwonyesha mjukuu wangu wa miaka 11, alikichungulia kile kilicholala mezani akauliza, "Bibi, kinafunguka?" Nikamjibu hakifunguki. Akasema, "Basi huyu mwenye chumba anasoma nini?"

Swali lile lilinikosesha usingizi. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina unene wa takriban milimita 0.1, na ukiizidisha mara 24 inakuwa kadibodi ya zaidi ya milimita mbili. Kitabu cha karatasi hizo hakifunguki, kinavunjika. Ile nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary wa Uingereza iliyoko katika kasri la Windsor, iliyosanifiwa na msanifu majengo Edwin Lutyens na kukamilika mwaka 1924, ina maktaba ambayo waandishi wa wakati ule waliiandikia vitabu vidogo kwa mikono yao wenyewe. Hiyo ni 1:12, wana nafasi maradufu. Mimi nilikwenda kwenye droo yangu, nikatoa karatasi laini ya kuchorea patani, yaani vielelezo vya kukatia nguo, ile inayopeperuka ukipumua karibu yake. Nilikata kurasa nane, nikazishona katikati kwa nyuzi moja ya hariri iliyochambuliwa, tundu tatu tu, nikazivika jalada la ngozi nyembamba ya glavu. Kinafunguka, na kinabaki wazi ukikilaza.

Yaliyobaki nitayapitia haraka. Gundi nyeupe ya kwenye boksi ilifika imekauka ndani ya bomba. Supagluu ilikuwa nzima, ila usiisogeze karibu na plastiki angavu ya dirisha: mvuke wake huacha ukungu mweupe usiofutika. Dirisha la kwanza liliharibika hivyo, nikakata jingine na kulibandika kwa gundi nyeupe, ambayo hukauka bila alama. Wala usiitie supagluu kwenye pamba. Hupata moto wa ghafla unaoweza kuunguza vidole, na mtu anayejaza mito midogo ni rahisi kufanya kosa hilo. Kijitabu hakionyi lolote kati ya haya. Hatua zake pia zimekosewa mahali pamoja: kinakuambia uweke ngazi baada ya rafu ya tatu, wakati rafu hiyo ikishaingia ngazi haipiti tena. Iweke mapema.

Taa ni za LED, zenye mwanga wa manjano tulivu unaofaa chumba cha kusomea. Waya mwekundu ni chanya, na ukigeuza taa haiwaki, kwa hiyo jaribu kabla ya kuufukia nyuma ya ukuta. Lakini kisanduku cha betri kimenikasirisha. Kinachukua betri mbili bapa za CR2032, za volti 3 kila moja, na kifuniko chake kinafunguka kwa ukucha. Hakina skrubu. Mtoto mdogo akimeza betri ya aina hiyo inaweza kuanza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Kitu kinachofanana na mwanasesere humvuta kila mtoto anayepita, na mtengenezaji alipaswa kulijua hilo kuliko mimi. Nimekiingiza ndani ya kijisanduku cha plaiwudi kilichofungwa kwa skrubu mbili, nyuma ya ukuta. Ukinunua seti yoyote ya namna hii, anza na hilo, pazia baadaye.

Ilinichukua wiki sita za jioni. Mbao nazipa 9 kwa 10, vitabu 7, taa zenyewe 8 lakini kisanduku chake sifuri, vitambaa 2, na hizo mbili ni kwa sababu ya zulia. Kwa mtu ambaye hajawahi kushika kibano, nitamshauri aanze na chumba cha 1:12. Kwa mwenye mkono uliozoea, hasa anayejua kushona, hii ni mifupa mizuri ya chumba, na nyama ataiweka mwenyewe. Ningewaomba watengenezaji waache kabisa kutia vitambaa, wamwambie mnunuzi tu ni kipande cha ukubwa gani kinahitajika na kiwe chepesi kiasi gani.

Mjukuu amekuja juzi. Nilimpa pini, akafungua kitabu kwa ncha yake, ukurasa wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho. Kurasa ni tupu. Ameomba aziandike yeye, na sasa tunatafuta kalamu yenye ncha ya kutosha.