Mbegu ya mahindi ya sileji Nakuru: ipi inunuliwe kwanza

Ingia agroveti yoyote mjini Nakuru mwezi wa Machi useme unataka mahindi ya sileji, yaani ya kukatwa mabichi na kufungiwa shimoni bila hewa yawe chakula cha ng'ombe. Mimi niliambiwa, "Mama, chukua hii, inapita paa la nyumba." Nikaichukua. Ilipita paa kweli, lakini mahindi yenyewe yalikuwa membamba kama vidole, na maziwa hayakupanda hata kikombe.

Kosa lilikuwa langu. Hindi ndilo linalobeba wanga, na katika sileji nzuri hindi na gunzi lake hufika karibu nusu ya uzito mkavu. Bua refu bila hindi la maana halina tofauti kubwa na nyasi za nepia, na nepia ninayo tayari kwenye matuta.

Kwa sisi wa Bahati, Njoro na Subukia ya juu, naweka H6213 ya Kenya Seed mbele. Ni mbegu ya nyanda za juu, bua lake ni nene, majani mapana, na hindi linajaa. Inachelewa kukomaa, jambo linalowatisha wengi, ila kumbuka sileji hukatwa kabla punje hazijakauka. Hungoji kuvuna magunia. Kwa hiyo mfugaji anaweza kupanda mbegu ya kuchelewa kidogo kuliko jirani anayetaka unga, na bado akaondoka shambani mapema kumliko.

Ya pili ni H614D, mbegu ya wazee wetu. Kwa chakula kingi haina aibu. Naishusha nafasi moja kwa sababu ya urefu: upepo wa Julai ulipovuma, shamba langu lililooteshwa kwa nafasi ndogo lililala kama mkeka, na mahindi yaliyolala hukatwa yakiwa na matope. Ukiwa huko juu zaidi kuelekea Molo, uliza pia PAN 691, nayo imetengenezewa miinuko.

Ya tatu ni DK 8031, lakini kwa mtu wa Solai au Rongai ya chini ningeiweka ya kwanza. Huko mvua hukatika ghafla, na mbegu ya miezi sita itakuachia mabua makavu. Hii huwa tayari kwa miezi minne hivi. H516 nayo iko kundi hilo hilo.

Duma 43 ni ya nne. Inawahi sana na inavumilia ukame, ila ni fupi, na ekari yake haijazi shimo la sileji. Inunue ukichelewa kupanda, basi.

Mwisho kabisa ni punje za ghalani za mwaka jana. Mbegu chotara, yaani ya kuchanganya aina tofauti kama hizi zote, ikirudiwa hupoteza nguvu. Isitoshe, ugonjwa hatari wa mahindi uliogunduliwa Bomet mwaka wa 2011 unaweza kusafiri ndani ya mbegu. Hapo hujaokoa pesa.

Kiasi: kwa unga watu hununua kilo 10 kwa ekari. Kwa sileji nunua 12, yaani pakiti sita za kilo mbili, upande sentimita 75 kwa 20, punje moja kila shimo. Ukibana zaidi ya hapo unapata majani na mahindi madogo. Bajeti ya mbolea isipungue kwa sababu umeongeza mbegu. Ukikata mmea mzima, hata mabua hayarudi shambani, kwa hiyo samadi irudi.

Kabla ya kulipa, kwaruza kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, kwenye pakiti, utume namba hiyo kwa SMS kwenda 1393. Jibu litataja aina ya mbegu. Lisipolingana na pakiti, irudishe hapo hapo. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Pesa yote hiyo inaweza kupotea siku ya kukata. Vunja hindi katikati utazame punje: sehemu ngumu ya juu ikishuka hadi nusu au theluthi mbili, na chini bado kuna maziwa, leta mashine. Kata vipande vya sentimita moja au mbili, kisha shika konzi moja ukaminye. Maji yakichuruzika kati ya vidole, ni mapema. Donge likifunguka polepole kiganjani, ndiyo hasa. Likimwagika papo hapo umechelewa, na hewa itabaki ndani hata trekta ikanyage siku nzima.

Molasi wanayokuuzia pamoja na karatasi ya shimo acha dukani. Mahindi yana sukari yake. Pesa hizo nunulia desmodiamu au lusani, majani yenye protini nyingi, maana sileji ya mahindi ina protini kidogo, na ng'ombe wa lita 20 kwa siku ataonyesha upungufu huo ndani ya wiki moja.